Kumi na Nane, Ongeza Saba, Tosha

Mama mudogo Denise aliuliza kama Xavier na dada yake wanalala nyumba moja.

Tulikuwa tumeketi mbele ya mlango wetu, kule Rwambuzi, mtaa wa Bunia, ungo wa maharagwe katikati yetu. Nilikuwa nimemsomea kalkuli, hesabu ya maneno, ambayo mwalimu wake Monsieur Théodore aliwapatia darasani: Xavier iko na matunda ya avoka kumi na mbili, anapatia dada yake tano, anabakia na ngapi. Jibu nililijua. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, kisha vita ikatutosha kwetu, na hesabu za namna ile ndizo kitu nilichobakia nacho cha shule. Nikasema saba. Yeye akaendelea kutosha mawe ndani ya maharagwe, akayatupa, akauliza tena kama Xavier na dada yake wanalala nyumba moja ao hapana.

Nikamwambia haikuandikwa.

"Kama ni nyumba moja, avoka ingali kumi na mbili," akasema. "Imehama mukono tu."

Niliangalia maharagwe, nikaona kwamba ile saba yangu, ambayo ilikuwa imara tangu niko mdogo, imeanza kutikisika. Nikafikiri labda mwalimu wangu wa kule kwetu alikuwa mtu ambaye dada zake wote waliolewa mbali.

Mama mudogo ni mdogo wa mama yangu. Mama alipokufa alinichukua, na tulipokimbia kutoka Djugu alimweka mtoto wake Joëlle mgongoni na kuniambia nishike mwisho wa kikwembe chake, nisiachie hata kikipasuka. Kikapasuka. Nilifika Bunia nimeshika kipande. Bwana yake alikwenda kuchimba dhahabu kabla ya hayo yote, na habari zake zinakuja kila mara kwa mtu aliyezisikia kwa mtu mwingine. Mama mudogo anazisikiliza, anasema asante, kisha anarudia kazi yake.

Kazi yake ni kushona kwa mkono. Anachukua mifuko mitupu ya mchele, anaifumua uzi kwa uzi, anaviringisha uzi ule juu ya kigunzi cha muhindi. Majirani wanaleta mashati ya watoto ya shule, yaliyoraruka kwapani, na yeye anayashona kwa uzi wa mfuko. Mishono yake ni midogo, imefuatana kama sisimizi. Kule kwetu kulikuwa na fundi mmoja, muzee Rachidi, mwenye mashine ya kukanyaga chini ya baraza yake. Mama mudogo alimwomba amfundishe. Muzee akamwambia aje baada ya mavuno. Mavuno yale hakuna aliyeyavuna.

Basi aliposikia kwamba kule mtaa wa Lumumba kuna foyer, nyumba ya wanawake wanakofundisha kushona, na kwamba hawaombi kitu, ila mtu ajue kusoma kidogo, kuongeza na kutosha, kwa sababu fundi asiyejua hesabu anaharibu vitambaa vya watu, hakulala vizuri tena. Akajiandikisha kwenye darasa la watu wazima la Monsieur Théodore, ku shapeli, kanisa letu dogo. Akajua kusoma upesi kuliko wengine. Hesabu ndizo zilizomkataa. Namba zenyewe hazikumsumbua, namba alizijua tangu sokoni. Zilizomsumbua ni zile hadithi zilizofunga namba ndani.

Halafu kaka yake Evariste, mjomba wangu, akafika. Yeye anapika chakula cha wafanyakazi kule Epulu, kwenye pori la okapi, na alikuja na habari kwamba amepata shamba huko, udongo mweusi, mihogo inashuka mpaka kiunoni. Alitaka kuondoka na dada yake na Joëlle. Mimi ningebakia Bunia kwa ndugu za baba, ambao wana nyumba ndogo na midomo mingi. Waliongea kwa upole, mtu na ndugu yake, wakapatana hivi: siku ya posho, Jumamosi, mama mudogo atakwenda kufanya interro, mtihani, ku foyer. Wakimkamata awe mwanafunzi, atabakia. Wasipomkamata, siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, wanapanda gari la Epulu.

Mbele ya kaka yake aliitika tu kwa kichwa. Kwangu mimi alisema wakati tunachota maji.

"Kupanda, nimepanda. Sitaki tena kupanda kitu yenye siwezi kukimbia nayo. Kushona inakaa ndani ya mikono. Ukikimbia, unakimbia nayo."

Tangu pale nilijua ni nini kinachobebwa ndani ya zile avoka za Xavier.

Monsieur Théodore aliona wanafunzi wake wanapotea, akawapatia njia. Nilikuwa ninakwenda naye mama mudogo, ninakaa benchi la nyuma, hakuna aliyenikataza. Alisema kila kalkuli iko na milango mbili tu, mlango wa ongeza na mlango wa tosha, na mtu asihangaike na Xavier ni nani na dada yake analala wapi. Mtu atafute neno. Akiona ongeza, ao pamoja, ao yote, aingie mlango wa kwanza. Akiona tosha, ao poteza, ao bakia, aingie wa pili. Akaandika ubaoni: kumi tosha tatu, inabakia saba. Wanawake wakaimba naye, kumi tosha tatu, mpaka Mama Suzanne, ambaye hawezi kukaa dakika bila kuchekesha, akauliza kama kuna mlango wa tatu wa kutokea nje, mtoto wake analia nyumbani.

Njia ile ilimsaidia mama mudogo. Hakuuliza tena habari za nyumba. Nilipomsomea kalkuli alifunga macho, akasubiri lile neno, na likipita alilishika kama mtu anayeshika kuku. "Tosha," anasema, "nimesikia tosha." Na jibu linatoka.

Kitu kingine nilichokiona ni kwamba kila tulipotoka shapeli alisimama kidogo mbele ya ukuta. Juu ya ukuta ule, kwa rangi ya bulu, mtu aliandika zamani MUNGU ANATOSHA. Ndiyo sentensi ya kwanza mama mudogo aliyoisoma peke yake, bila kuonyeshwa. Siku ile alinivuta mkono, akaisoma tena kwa sauti, akasema, kumbe walituandika. Akakumbuka ile njia ya Djugu, usiku mmoja na nusu siku, moshi nyuma yetu. Mungu anatosha. Na siye, alitutosha kule. Nilielewa vile vile alivyoelewa yeye. Ingekuwa na maana gani nyingine?

Siku ya posho ikafika. Walikwenda kundi zima la shapeli, mama mudogo na Mama Suzanne na wenzao, vikwembe vimefuliwa. Mimi nilikwenda kumshika Joëlle. Ndani ya foyer kulikuwa pia wasichana wa mjini, waliosoma mpaka sekondari, wenye viatu. Mwenye kuongoza aliitwa Madame Léonie. Ni Mukongomani kama sisi, lakini alikulia ukimbizini Kigoma, akasoma huko, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alisema "tafadhali" na "ninyi nyote", na Mama Suzanne akanong'ona kwamba huyu anaongea kama redio.

Madame aliandika maswali ubaoni. Mimi nilikuwa dirishani, Joëlle amekaa juu ya miguu yangu, nikayasoma yote. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi, nikaona mkono wa mama mudogo unakwenda bila kusimama. La mwisho, ambalo Madame alisema ndilo kubwa, na atakayelikosa asihesabu amepita, lilikuwa hivi:

Fundi ana vifungo kumi na nane. Vifungo hivyo havitoshi. Anaongeza saba. Sasa vinatosha. Je, fundi ana vifungo vingapi?

Mkono wa mama mudogo ukasimama.

Na mimi nikasimama ndani ya kichwa. Nilifanya kama Monsieur Théodore alivyosema, nikatafuta maneno. Havitoshi: basi bado, tusitoshe. Anaongeza saba: mlango wa kwanza, makumi mbili na tano. Sasa vinatosha. Hapo sikuelewa tena. Vinatosha nini? Na wanatosha ngapi? Nikasoma tena kutoka juu, labda namba imejificha. Haikuwako. Fundi gani huyu anayeongeza vifungo ili avitoshe? Nikaangalia wanawake wa shapeli. Wote walikuwa wamekunja uso namna moja, kama watu walioonja kitu kilichoungua. Mama mudogo alifunga macho yake. Nikaona midomo yake ikisema lile neno pole pole. Kisha akafungua macho, akaandika, akaweka kalamu chini.

Nilikuwa nimeshafika pale alipofika yeye. Kama hawakusema atoshe ngapi, basi atoshe zote. Inabakia zero.

Tulingoja uani wakati Madame anasahihisha. Mama Suzanne alisema yeye mwanzoni alifikiri ni habari ya mwanamke aliyetiwa kifungoni mara kumi na nane, akamhurumia sana, akaona wakimwongezea saba tena atakufa ndani ya buloko. Wote wakacheka, hata mama mudogo. Kisha wakaulizana jibu, na walipojua kwamba kila mmoja aliandika zero, wakafurahi. Watu wengi hivyo hawawezi kukosa pamoja, wakasema.

Madame akatoka na karatasi. Akasoma majina ya waliopita. Wasichana wenye viatu wote, na wanawake wawili wa mtaa mwingine. Hakusoma jina hata moja la shapeli yetu.

Akasema kwa sauti ya chini, si ya kugomba, na ndiyo iliyouma. Akasema jibu zuri linaweza kupatikana na watu wengi, kwa kuwa ni moja tu. Lakini kosa, kila mtu ana lake. Kosa moja, la ajabu namna hii, haliwezi kuanguka ndani ya vichwa vya watu wote wa benchi moja. Mmoja aliandika, wengine wakakopia. Akasema hamkasirikii mtu, ila foyer haiwezi kuanza kazi na watu wa namna hiyo, warudi mwaka ujao.

Mama mudogo aliniangalia mimi, kama vile mimi niliyesoma mpaka ya tatu ningeweza kumwambia nini kimetokea. Sikujua. Nilijua tu kwamba hakukopia, nilikuwa dirishani, na kwamba mimi pia nilipata zero bila karatasi ya mtu. Nilitaka kusema hivyo. Joëlle akanitangulia, akauliza kama sasa tunakwenda kuona okapi.

Monsieur Théodore alikuwa ameegemea kinga yake, baiskeli yake ya zamani, nje ya lango, amekuja kuchukua habari za wanafunzi wake. Walipomwambia wamefukuzwa kwa kukopia, alikataa, akasema yeye ndiye atakayeongea, ila kwanza wamwambie lile swali. Mama mudogo akalisema lote, neno kwa neno; kichwa chake hakiachii kitu. Monsieur akashika ndevu zake. Akahesabu kwa vidole hewani.

"Zero," akasema. "Mimi pia ninapata zero. Sasa mukosefu ni nani?"

Hapo mama mudogo akageuka, akarudi ndani bila kuomba ruhusa. Sijawahi kumwona akitembea hivyo. Monsieur akamfuata, na mimi nyuma na mtoto, na Mama Suzanne nyuma yangu kwa sababu hawezi kukosa kitu.

Madame alikuwa anakunywa chai. Monsieur Théodore akamsalimia kwa heshima, akaeleza kwamba yeye ndiye mwalimu wao, na kwamba kwa hesabu yake jibu ni zero.

"Na wewe Mwalimu, ulikopia kwa nani?" Madame akauliza.

Mama Suzanne akacheka kwa pua. Monsieur akasema Madame asimame kidogo, afuate naye. Akahesabu mbele yake: iko na kumi na nane. Anaongeza saba, inakuwa makumi mbili na tano. Kisha umeandika sasa vinatosha. Basi vimetoka. Fundi anabakia mikono mitupu.

"Nani kasema vimetoka?" Madame akauliza.

"Weye njo ulisema," mama mudogo akajibu. "Uliandika vinatosha."

Madame akaweka kikombe chini. Akatuangalia mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nilimwona naye amepotea, akawa kama mmoja wetu. Akauliza pole pole, kutosha, kwenu, ni kufanya nini.

Kwenye bega la Madame kulikuwa na pini, wale wa kushona wanazichomeka pale. Mama mudogo akanyosha mkono, akaomba samahani, akaichomoa ile pini, akaiweka mezani kando ya chai.

"Nimeitosha," akasema.

Madame akaangalia pini. Kisha akachukua birika, akammiminia mama mudogo chai ndani ya kikombe kingine, akamimina mpaka inakaribia juu, na mama mudogo akaweka kiganja mbele ya mdomo wa kikombe.

"Ukiweka mkono hivyo, unaniambia nini?" Madame akauliza.

"Inaenea. Ama ninasema basi."

"Mimi ninasema inatosha."

Nilisikia lile neno na nikaona linageuka. Liko pale pale, herufi zile zile, na ndani yake mna mtu mwingine. Vifungo havienei. Anaongeza saba. Sasa vinaenea. Ni kalkuli ya mtoto. Lakini sikufurahi kama mtu aliyeelewa. Nilisikia kama siku ile nilipofika Bunia na kuona kile kipande cha kikwembe mkononi.

Monsieur Théodore alianza kusema kwamba njia yake ya milango mbili ilikuwa nzuri, tatizo ni neno, kisha akaacha katikati, akasema labda hata njia haikuwa nzuri sana. Madame yeye alisema zero haiwezi kuwa jibu, hata kwa huruma. Fundi wa lile swali ana vifungo makumi mbili na tano na atabakia navyo. Ila hakuna aliyekopia, hilo ameliona, na anaomba radhi. Atawauliza upya kila mmoja, kwa mdomo. Akaanza na mama mudogo, kwa kuwa yuko karibu.

Akasema kuna kitambaa cha meta tisa, na wanakata meta nne kushona robe, gauni la mteja. Wana meta ngapi?

Mama mudogo alifunga macho. Nilimwona anatafuta neno, na neno halikuwako, hata la mlango mmoja. Kata haikuwa ubaoni kwa Monsieur. Akafungua macho.

"Ile robe," akasema, "inabakia humu ndani, ao inaenda na mwenyewe?"

Nikaangalia chini. Nilifikiri, imekwisha, anarudia tena Xavier na dada yake, na siku ya kwanza atapanda gari.

Madame alifikiri kabla ya kujibu. Akasema inakwenda na mwenyewe.

"Basi tano. Kama ingebakia humu, ningesema ingali tisa, ila nne imeisha kuwa robe."

Madame akachukua karatasi, akaandika jina lake, akamwomba arudie kulitamka ili asilikosee. Kisha akaita, aingie Suzanne.

Nyumbani, mjomba Evariste alikuwa amefunga vitu tayari, kamba juu ya mfuko. Akauliza kama amefaulu ao ameanguka. Mama mudogo alikaa, akavua ndala, akasema, "Nilianguka. Kisha wakatosha ile kuanguka." Mjomba Evariste akaniangalia mimi nimfafanulie. Nilijaribu. Nilimweleza vifungo na pini na chai, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kujikunja. Mwishoni akauliza swali moja tu, anabakia ao anakwenda. Nikasema anabakia. Akafungua kamba, akatosha nguo za Joëlle ndani ya mfuko, akazipanga juu ya kitanda moja moja. Alisema udongo mweusi utamngoja, mihogo haina haraka. Siku ya kwanza akaondoka peke yake.

Lakini siku ya Mungu, tulipotoka shapeli, mama mudogo alisimama mbele ya ukuta kuliko siku zote. Watu walipita, walisalimia. Rangi ya bulu imebanduka kidogo kwenye ile T. Nilijua anachosoma. Mimi pia nilikuwa ninakisoma, na sikupenda kukisoma.

"Alliance," akaniita. Ananiita jina tu kama jambo ni zito. "Mwenye aliandika hii, alikuwa mutu wa wapi?"

Sikujua. Tukamwuliza Monsieur Théodore, akasema aliikuta pale alipokuja. Labda mpaka-rangi alitoka Uganda, labda Beni, wakati ule walipita watu wengi. Mama mudogo akasema basi kama alikuwa mtu wa huko, alitaka kusema Mungu anaenea. Monsieur akasema ndiyo, inawezekana, na hilo pia ni neno zuri. Mama mudogo akasema hakukataa uzuri wake.

Tulitembea mpaka karibu na nyumba ndipo akasema tena. Alisema hivi: "Sasa ile siku ya moshi, alitutosha, ao alitutosha?"

Ku foyer walianza juma lililofuata. Madame aliwaketisha wanafunzi wapya mbele ya mashine za kukanyaga, akawapatia vipande vya kitambaa vya kujifunzia. Mimi nilimpelekea mama mudogo chakula saa sita, nikamkuta ameinama, mguu juu ya kanyagio, ulimi nje kidogo kama mtoto. Alikuwa anashona mstari mmoja mrefu. Sindano ilikuwa inakwenda mbele, inasita, inakwenda. Niliona mishono yake ya mashine inajaribu kufanana na ile ya mkono, sisimizi wamefuatana. Alifika mwisho, akakata uzi, akanyosha kitambaa juu ya meza, akangoja.

Madame Léonie akapita nyuma yake. Akainama, akapitisha kidole juu ya mstari wote mpaka mwisho. Uso wake ukafunguka.

"Inatosha," akasema.

Mama mudogo akachukua wembe wa kufumulia. Akauweka chini ya mshono wa kwanza. Pale akasimama, wembe umeingia, uzi haujakatika, akainua uso.

"Madame, inatosha ya kwenu ao inatosha ya kwetu?"

Madame akafungua mdomo ili ajibu. Akaangalia wembe, akaangalia kitambaa, na niliona kwamba naye kwanza anatafuta neno.